Goti la Kijana Nalo Linauma

(Mazungumzo ya kikundi cha wenye ugonjwa wa viungo, yaliyotolewa Old Kampala mbele ya wajumbe wa kamati za jamii, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani)

 Tunaishukuru kamati kwa kutupa nafasi siku ya leo, na kwa ahadi ya kuyachapa maneno yetu katika jarida la kumbukumbu ili waliobaki kambini nao wayasome. Tunasema "kambini" kwa mazoea, ingawa tunajua kwamba Uganda huyaita "makazi". Wajumbe waliotoka Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja wamekaa ndani ya basi tangu alfajiri. Tunawaomba wasione haya kusimama na kujinyoosha wakati sisi tunasema. Nasi wenyewe tutafanya hivyo.

Kikundi chetu ni cha watu kumi na wanne. Mkubwa wetu ana miaka 47 na mdogo wetu ana miaka 26. Wengi ni Wakongomani wa Kivu na Ituri, wapo Warundi wawili, na yupo dada mmoja Msomali anayekaa hapa chini Kisenyi. Hatuna ofisi wala muhuri. Kila mmoja wetu ameambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa kusagika kwa viungo, ule ambao watu huuita wa wazee. Na kila mmoja wetu ameambiwa na mtu mwingine, asiye daktari, kwamba hana ugonjwa wowote.

Tunakutana Old Kampala kwa sababu ndipo wengi wetu tulipofikia. Penye kituo hiki cha polisi, kwa miaka mingi, ndipo mwomba hifadhi aliyeingia mjini alipotakiwa kujiandikisha, na wako kati yetu waliolala nje wakingoja jina lao liitwe. Mtaa wa Perryman Gardens, ambako Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere iliweka ofisi zake, tuliujua kabla ya kujua soko. Lakini Old Kampala ni kilima. Mwingereza Lugard alijenga ngome yake hapa mwezi Desemba 1890, na jina la Kampala lenyewe linatokana na maneno ya Kiganda yenye maana ya kilima cha impala, yaani swala. Lugard alikichagua kwa sababu za kiaskari, na swala ana miguu mizima. Mtu mwenye goti bovu asingekichagua. Wageni wanaokuja kuutazama Msikiti wa Taifa hupanda mnara wake, ngazi zaidi ya 300, ili wauone mji wote. Sisi mji tunautazama tukiwa chini.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa maana majina yake ni mengi na yanachanganya. Nyumbani Kongo tuliuita rimatizi. Wengine husema baridi yabisi, wengine husema mafuta ya goti yamekwisha, na hapa Kampala ukionekana unachechemea mwezi wa mvua utaambiwa ni baridi. Nendeni kwa mchinjaji mkatazame mwisho wa mfupa wa ng'ombe, pale penye kiungo. Mtaona kitu cheupe, laini, kinachoteleza. Hilo ni gegedu, na kazi yake ni kuifanya mifupa miwili ipishane bila kusuguana. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likichanika au likilika haliponi kama ngozi inavyopona. Halina mishipa ya fahamu pia, kwa hiyo lenyewe haliumi. Kinachouma ni mfupa ulio chini yake, utando unaozunguka kiungo, kano na misuli. Ndiyo maana kiungo huweza kuharibika miaka mingi kimyakimya, na siku maumivu yanapokuja watu wakasema yameanza jana. Ndiyo maana pia picha ya eksirei na maumivu havilingani sikuzote. Yuko mwenye picha mbaya anayetembea, na yuko mwenye picha ya wastani asiyelala usiku. Baridi inaweza kumfanya mgonjwa ajisikie vibaya zaidi, lakini si baridi iliyokula gegedu.

Si kila kiungo kinachouma kina ugonjwa huu, na hapa tunawaomba msikilize vizuri. Wenye ugonjwa wetu huamka na ukakamavu, lakini kwa kawaida huachia kabla ya nusu saa kupita. Maumivu huja na kazi na hupungua kwa kupumzika. Mtu anayeamka na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, vigumu kwa saa nzima au zaidi, huenda ana baridi yabisi yenyewe, ambayo ina dawa zake na haifai kucheleweshwa. Kidole gumba cha mguu kinachowaka ghafla usiku huenda ni jongo. Na goti au nyonga iliyovimba, yenye moto, pamoja na homa, hasa kwa mtoto, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Usaha ndani ya kiungo unaweza kukiharibu kwa muda wa siku chache, na mtoto huyo ndiye atakayekuwa mwenzetu akifika miaka ishirini na mitano.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na kiungo kinachoongoza ni goti. Asilimia 73 kati yao walikuwa na zaidi ya miaka 55. Takwimu hiyo husomwa ili kuonyesha kwamba ni ugonjwa wa wazee. Sisi tunaisoma kutoka upande wa pili. Waliobaki ni asilimia 27, yaani zaidi ya watu milioni 140. Hao ni zaidi ya mara tatu ya watu wote waliohesabiwa Uganda katika sensa ya mwaka 2024. Watu wengi kiasi hicho hawawezi kuitwa ajabu.

Mtu mwenye miaka thelathini huupataje? Mara nyingi kiungo chake kiliumizwa. Mfupa uliovunjika hadi ndani ya kiungo ukaunga kombo. Risasi iliyopita karibu na goti. Kipigo. Ajali ya boda boda, ambayo hapa Kampala haihitaji maelezo. Kano ya goti iliyokatika uwanjani: madaktari waliofuatilia watu wa namna hiyo waliona kwamba miaka kumi hadi ishirini baadaye karibu nusu yao walikuwa na ugonjwa huu. Hesabuni wenyewe. Kijana aliyekatika kano akiwa na miaka 17 huenda akawa mgonjwa kabla hajafika arobaini. Wapenzi wa mpira wanamkumbuka Gabriel Batistuta wa Argentina. Aliacha kucheza mwaka 2005 akiwa na miaka 36, na baadaye alieleza hadharani kwamba vifundo vya miguu vilimuuma kiasi cha kumwomba daktari amkate miguu. Daktari alikataa. Batistuta alikuwa na pesa na madaktari wa Ulaya. Kijana wa kambini aliyevunjika huko njiani alifungwa vipande viwili vya mti, akaendelea kutembea kwa sababu nyuma yake palikuwa na bunduki.

Wako ambao nyonga zao zilikaa vibaya tangu kuzaliwa na hakuna aliyeona. Wako wenye selimundu, ugonjwa ambao unaweza kuizuia damu isifike kwenye kichwa cha mfupa wa paja hadi kikafa. Na wako waliochakazwa na mizigo. Mama mmoja wa kikundi chetu alianza kubeba magunia kwa kamba ya kichwani huko Bukavu akiwa na miaka 13. Leo ana miaka 38, na magoti yake mtaalamu aliyeyapiga picha aliuliza mara mbili kama karatasi ya umri imeandikwa sawa. Karatasi ilikuwa sawa.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotuleta mbele yenu.

Mzee akichechemea, watu humpisha. Kijana akichechemea, watu huuliza amekunywa nini. Mmoja wetu, mwenye miaka 33, alipoanza kutembea na fimbo, wakwe zake walikaa kikao kujua kama amerogwa, na walipoona hakuna mchawi wakasema basi ni mvivu. Dada zetu wanaouza vitenge na shanga kwa kuvitembeza kutwa nzima mjini huficha kuchechemea, kwa kuwa mteja hapendi kununua kwa mtu anayeonekana mgonjwa. Katika zahanati moja mwenzetu aliambiwa akae benchi la nyuma awapishe wagonjwa. Hatutaji mahali, na hatukuja kushtaki mtu. Tunataka mwelewe kwamba kijana mwenye ugonjwa huu hujifunza upesi kuuficha, na akishajifunza kuuficha, anauficha hata mbele ya yule anayeandika orodha.

Orodha ni chakula. Mwezi Julai 2023 msaada ulipopungua, Mpango wa Chakula Duniani uliziweka kaya za wakimbizi Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya unyonge wao, na kundi la tatu, la walioonekana kuweza kujitegemea, liliondolewa kwenye mgao. Sisi wa mjini mgao hatukuwa nao tangu zamani, lakini jamaa zetu wako huko. Kaya yenye mwanamume mmoja wa miaka 31, mrefu, asiye na kovu linaloonekana, ukiitazama kwa macho utasema inajitegemea. Nani atalima? Yeye. Nani atabeba maji? Yeye. Goti lake halionekani kwenye karatasi.

Mashirika mengi hutumia maswali sita mafupi yanayojulikana kama maswali ya Kundi la Washington. Yanahusu kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka, kujihudumia, na kuwasiliana na watu. Majibu ni manne: hakuna ugumu, kuna ugumu kiasi, kuna ugumu mkubwa, siwezi kabisa. Kwa kawaida ni yale majibu mawili ya mwisho yanayomfanya mtu ahesabiwe. Ni maswali mazuri. Hayaulizi umri wala jina la ugonjwa, yanauliza unaweza nini. Tungependa kila karani ayatumie.

Lakini mtazameni huyo mtu wa miaka 31 anapofika mezani. Nyuma yake wamesimama jirani zake. Pembeni yuko msichana anayetaka kumposa. Karani anauliza, tena kwa sauti, kama ana ugumu wa kutembea. Ametembea mpaka hapo mezani, na kila mtu amemwona. Atajibu nini? Atasema hakuna ugumu. Karani ataandika hivyo, naye hakukosea, ameandika alichoambiwa. Kazi imekwisha kwa dakika moja, na matokeo yake yatakaa katika faili miaka.

Kwa vijana wenzetu tunasema hivi. Ukiulizwa, jibu kwa siku ya kawaida, usijibu kwa siku nzuri. Na jibu kwa kazi. Sema: bombani nafika, lakini kurudi na dumu la lita 20 siwezi. Sema: kuchuchumaa naweza, lakini kusimama mpaka nishike kitu. Sema: nikilima saa moja leo, kesho sitoki kitandani. Maneno kama "nasumbuliwa na miguu" hayamsaidii karani kuchagua kati ya majibu manne. Mwambie kinachokushinda.

Kwa watumishi wa mashirika tunasema, na tunajua kazi yenu ni ya foleni ndefu: meza ya maswali hayo isogezwe hatua kumi kutoka kwenye mstari. Haitagharimu kitu. Na anapojibu kijana kwamba hana ugumu huku amekaa mguu mmoja umenyooshwa mbele, mwulizeni swali la pili: anarudije na maji?

Tupite sasa kwenye namna tunavyoishi nao, maana wengine mlikuja kwa hilo.

Jambo la kwanza huwa gumu kuaminika. Kiungo kinachouma kinataka kutumiwa. Mtu akilala kitandani mwezi mzima, misuli ya paja hulegea, na misuli hiyo ndiyo inayolishikilia goti. Tulifundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo mazoezi ambayo hayahitaji mashine. Kaa kitini, nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu hadi tano, shusha polepole. Mara kumi kila mguu. Kisha simama kutoka kitini bila kushika, kaa tena polepole, kadiri unavyoweza. Fanya siku nyingi za wiki, kwa miezi. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si hatari, ilimradi kesho yake yawe yametulia. Yakizidi kesho yake, punguza, usiache. Nusu ya kikundi chetu walikata tamaa wiki ya pili. Wiki ya nane hakuna aliyetaka kuacha.

Uzito nao tuuseme, hata kama kambini wengi tatizo lao ni njaa. Uchunguzi uliofanyika Marekani kwa watu wanene wenye magoti mabovu ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Kwa wale walionenepa mjini kwa chapati na soda, hiyo ni dawa isiyouzwa. Kwa wengine, mzigo wa kupunguza ni ule wa kichwani na mgongoni. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, mara mbili, ni maji yale yale. Mtoto wa jirani mwenye baiskeli akilipwa kidogo anabeba yote.

Kwenye kilima au ngazi, panda kwa mguu mzima kwanza, shuka kwa mguu mgonjwa kwanza. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hushika upande ule unaouma, na tumewaona hata watu waliopewa fimbo na wasielezwe. Kitambaa kilicholowekwa maji ya moto kiasi husaidia asubuhi. Ndugu zetu Waislamu huswali wamekaa kitini, jambo ambalo dini yao inamruhusu mgonjwa. Fundi wetu wa nguo aliuza cherehani ya kukanyaga akanunua ya mkono. Anashona polepole zaidi, lakini anashona.

Choo. Tumeona haya kulisema mbele ya wakubwa, lakini hakuna jambo lililotutesa zaidi. Choo cha shimo kinataka uchuchumae, na kuchuchumaa ndiko kunakolishinda goti bovu kuliko kitu kingine chochote. Dada mmoja alikuwa hali jioni wala hanywi maji, apate kungoja hadi mwanawe arudi shule amshike mkono. Alikuwa na miaka 29. Mwenzetu seremala alitengeneza kigoda chenye tundu katikati, kimo chake kama sentimita 45, miguu imetanuliwa kisipinduke, kimepakwa rangi ya mafuta ili kioshwe. Kinawekwa juu ya shimo na kuondolewa. Mbao ni mabaki ya kiwandani. Kitu hiki kidogo kimewasaidia watu wetu kuliko vidonge vyote walivyowahi kununua.

Tuseme basi juu ya vidonge. Panado kwa mtu mzima mwenye afya ya ini ni vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, na visizidi vinane kwa siku nzima. Msaada wake kwa ugonjwa huu ni mdogo. Diklofenaki na ibuprofeni zina nguvu zaidi, lakini zikitumiwa mfululizo zinaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha, na wajawazito wasizinywe bila daktari. Diklofenaki ya kupaka ni salama zaidi kwa goti, na tunashangaa kwamba haipatikani kwa urahisi katika zahanati zetu, ilhali vidonge vipo tele.

Kuna vile vidonge vidogo vinavyofungwa katika karatasi bila jina, vinne au vitano kwa pamoja, na muuzaji anakuhakikishia utacheza ngoma kesho. Ni kweli, utacheza. Mara nyingi ndani yake mna deksamethasoni au prednisoloni. Tumewaona watu waliovila miezi: uso umevimba kama mwezi mpevu, sukari na presha vimepanda, na mmoja kichwa cha mfupa wa nyonga kilikufa, nyonga ambayo mwanzoni ilikuwa nzima. Aliyevitumia kwa muda mrefu asiache ghafla, aende kwa daktari amwachishe kidogo kidogo. Dawa za chupa za mitishamba zinazotuliza maumivu kwa saa moja tu zitiliwe shaka hiyo hiyo. Kuchanjwa kwa wembe juu ya goti na kupakwa unga mweusi hakufiki ndani ya kiungo, na wembe ule unaweza kuleta mengine. Sindano ya ndani ya kiungo, ikipigwa na daktari anayejua, hutuliza wiki kadhaa, pengine miezi michache. Haioteshi gegedu.

Upasuaji wa kuweka kiungo cha bandia unafanyika Uganda, kwa gharama ambayo wengi wetu hatutaifikia. Hata mwenye pesa, akiwa kijana, huambiwa asubiri. Sababu ipo. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba baada ya miaka 25 nyonga za bandia zipatazo asilimia 58 na magoti ya bandia yapatayo asilimia 82 yalikuwa bado yanafanya kazi. Kwa mtu wa miaka 70 hiyo inatosha. Mtu wa miaka 35 atahitaji kupasuliwa tena, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Hatuna ugomvi na shauri hilo. Tunagombana na namna linavyotolewa, maana wengine huambiwa "subiri" wakapewa panado wakaenda nyumbani, miaka kumi. Kusubiri kuwe na mtu wa kukufundisha mazoezi, na mtu wa kukuangalia tena. Na mwenye mguu uliopinda aulize kama mfupa unaweza kukatwa na kunyooshwa ili mzigo uhamie upande mzima wa goti; upasuaji huo unafaa hasa kwa vijana. Watoto wenye miguu iliyopinda wapelekwe mapema. Hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, njia ya Entebbe, imejulikana kwa kazi hiyo.

Tunaomba nini, Mwenyekiti? Mahali pa kugawia vitu pawe na mabenchi, na watu wapewe namba wakae, badala ya kusimama juani kushikilia nafasi. Vyoo vipya vinapojengwa, kimoja katika kila kundi la vyoo kiwe na kiti na cha kushika ukutani. Kuongeza baada ya kujenga ni ghali. Katika kila zahanati ya kambi afundishwe angalau mhudumu mmoja mazoezi haya. Si elimu ya miaka. Vijana wanapopangiwa kazi za kuchimba barabara au kupanda miti kwa malipo, wenye viungo vibovu wapewe ya kuandika, kupima na kutunza vifaa, wasifutwe. Na kamati isituweke katika orodha ya wazee. Mmoja wenu alitupendekezea hivyo kwa nia njema, na tulicheka naye, lakini orodha ya wazee ina mambo yake na sisi bado tunasomesha watoto wachanga, bado tunatafuta kazi, na wawili wetu wanatazamia kuoa mwaka huu.

Tumemaliza tuliyotumwa. Maswali tunayapokea, na anayeuliza si lazima asimame. Kigoda tulichosema kipo pale karibu na mlango. Seremala wetu atabaki hapa hadi saa kumi jioni. Atakayetaka kuchukua vipimo kwa ajili ya kambi yake aje na kamba au futi, na kama hana, mwenzetu ataviandika kwenye karatasi.